Kambi Muru: Historia ambayo wapangaji miji hawajaisoma

KABLA ya kuitwa mtaa wa mabanda, Kambi Muru ilikuwa kile hasa ambacho jina lake linasema: kambi. Kijiji hiki, kimoja kati ya zaidi ya vijiji kumi vinavyounda Kibera jijini Nairobi, ni mabaki ya makazi ya askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles (KAR) mwanzoni mwa karne ya 20.

Sehemu ya pili ya jina hilo inafanana na jina la Wamoru, jamii inayopatikana Sudan Kusini ya leo. Karibu nayo palikuwa na Kambi Aluru na Kambi Lendu, majina yanayokumbusha Waaluru na Walendu wa mpakani mwa Uganda na Kongo. Laini Saba nayo, kwa masimulizi ya wazee, ilipewa jina na uwanja wa kulengea shabaha wa jeshi. Na Kibera yenyewe ni Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu.

Majina haya yangekuwa ya kuwafurahisha wanahistoria pekee kama yasingehusu swali ambalo serikali zote, za kikoloni na za Kenya huru, zimeshindwa kulijibu: ardhi hii ni ya nani, na ni nani mwenye haki ya kuamua ijengwe nini?

Mnamo 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi ekari 4,197 za Kibera kuwa hifadhi ya jeshi. Askari waliostaafu walipewa vibali vya kukaa na kulima, lakini hawakupewa hati miliki. Nyumba zao zilikuwa zimetawanyika katikati ya mashamba. Msongamano unaojulikana leo haukuwepo.

Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, iliamua kwamba Wanubi hao walikuwa wakikaa kwa hiari ya serikali tu, na wangeweza kuondolewa wakati wowote. Hata hivyo, tume hiyo hiyo ilikiri kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa kuwatafutia askari wake mahali pa kwenda. Sehemu ya kwanza ya uamuzi huo ilikumbukwa na kila utawala uliofuata. Ya pili ilisahauliwa haraka sana.

Baada ya uhuru, mitaa ya Salama, Fort Jesus, Ayany, Jamhuri na mingineyo ilijengwa juu ya sehemu za hifadhi hiyo. Kila mtaa mpya ulipozuka, vijiji vilivyobaki vilibanwa zaidi. Yaani mabanda ya Kibera hayakutokana na ukosefu wa mipango, kama inavyosemwa mara nyingi. Yalitokana na mipango iliyokuwa ikiwahudumia wengine.

Wanubi walipopewa hatimaye hati miliki ya pamoja na Rais Uhuru Kenyatta mnamo Juni 2017, ilikuwa ya ekari 288, chini ya asilimia saba ya ardhi ya awali. Miaka miwili kabla ya hapo, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikuwa imeamua kwamba Kenya ilikiuka haki za jamii hiyo.

Lakini Wanubi leo ni wachache Kibera. Wengi wa wakazi ni wapangaji waliotoka pembe zote za nchi, na wanalipa kodi kwa wenye vibanda ambao nao hawamiliki ardhi. Kiswahili hapa kina mzaha wake: mpangaji ni anayekodi chumba, na mpangaji ni anayepanga mji. Wawili hao wanatumia jina moja, ila ni nadra sana wakutane katika kikao kimoja.

Umuhimu wa kuisoma historia unaonekana wazi zaidi mtu anapoilinganisha Kibera na Kawangware. Kwa mpita njia, mitaa hiyo miwili ni mamoja: mabati, vichochoro, maji ya kununua kwa mitungi. Kisheria ni dunia mbili tofauti. Kawangware iko Dagoretti, eneo lililokuwa la hifadhi ya Wakikuyu na kuingizwa katika mipaka ya Nairobi mwaka 1963. Ardhi yake ilikuwa imegawanywa kwa watu binafsi na kusajiliwa, na wenye ploti wakajenga vyumba vya kukodisha.

Kwa hiyo mpango unaoanza kwa kugawa hati miliki hauna la kuwafaa sana watu wa Kawangware, ambako hati zipo na kinachokosekana ni nafasi ya barabara na mitaro kati ya ploti za watu binafsi. Nao mpango unaoanza kwa kupima barabara, kabla ya kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kukaa hapo na kwa ahadi gani, huleta maafa Kibera.

Maafa hayo yalishuhudiwa Julai 23, 2018. Tingatinga zilibomoa nyumba, shule na mahali pa ibada ili kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wanaokadiriwa kufika 30,000 waliachwa bila makao, wakati ambapo kazi ya kuwasajili waathiriwa ilikuwa imeanza lakini haijakamilishwa. Hakuna anayekana kwamba Nairobi inahitaji barabara. Linalobishaniwa ni dhana kwamba mstari mweupe kwenye ramani ni ardhi tupu.

Wanaakiolojia wa pwani wameipinga dhana hiyo kwa ushahidi wa karne nyingi. Huko Songo Mnara, mji wa Waswahili wa karne ya 14 na 15 katika visiwa vya Kilwa, uchunguzi wa nafasi zilizo wazi kati ya nyumba za mawe umeonyesha kwamba hazikuwa masalio. Ndimo watu walimozika wafu wao na kufanya kazi zao. Mji ulikuwa ukiishi pale pasipo na kuta.

Kibera nayo ina ushahidi wake, na sehemu yake imekusanywa na wakazi wenyewe. Mnamo 2009 vijana wa vijiji vya Kibera, chini ya mradi wa Map Kibera, walizunguka na vifaa vya kupima mahali wakachora ramani ya vichochoro, vyoo, zahanati na vituo vya maji. Hadi wakati huo ramani za umma zilikuwa zikionyesha eneo hilo kama pengo. Mwaka huo huo sensa ilihesabu watu 170,070, ilhali mashirika na wanasiasa walikuwa wamezoea kutaja milioni moja. Mtaa usiohesabiwa vyema hupangiwa kwa kubahatisha, na idadi iliyotiwa chumvi huwafaa wachangishaji fedha kuliko wakazi.

Majaribio ya kujenga upya nayo yana funzo. Nyumba za ghorofa za Highrise, zilizojengwa kando ya Laini Saba kwa nia ya kuwafaa watu wa mabandani, ziliishia mikononi mwa watu wenye mapato ya juu zaidi. Wakazi wa kwanza wa Soweto Mashariki walihamishiwa Lang'ata Septemba 2009, wakasubiri hadi 2016 ndipo nyumba 822 zikakabidhiwa. Sasa awamu nyingine ya Soweto Mashariki imo chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu.

Mpango mkuu wa jiji, uliotayarishwa kwa msaada wa Japani mwaka 2014, unafikia kikomo 2030. Watakaoandika unaofuata wanazo faili za Tume ya Carter katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, kilomita chache tu kutoka Kambi Muru. Katika kijiji hicho bado wapo wajukuu wa askari waliopewa vibali, na kuta kwa kuta nao wapo wapangaji ambao majina yao hayamo katika kibali wala hati yoyote.