Nani Alilichora Hilo Gari?

  

Leo tuzungumze magari. Najua mtacheka, maana tangu nije Dubai kila anayenipigia simu huuliza magari. Umeona Ferrari ngapi wiki hii? Bugatti bei gani? Hebu tuma picha! Haya, picha natuma. Lakini kuna swali moja ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza: nani alilichora?

Mwajua kazi yangu ni kuosha na kung'arisha magari, kwenye karakana moja huku Al Quoz. Mkono ukishinda kutwa juu ya boneti na milango, unafahamu kwamba hakuna mkunjo wa bure. Ule mstari unaoanzia kwenye taa ya mbele ukapita juu ya milango mpaka kwenye buti, kuna mtu aliyeuhangaikia miezi. Kwanza huchorwa kwa kalamu, kisha kwenye kompyuta, halafu gari hufinyangwa kwa udongo maalumu, kwa ukubwa wake kamili. Watu huukwangua ule udongo na kuusawazisha huku wakitazama mwanga unavyoteleza juu yake. Na mchoraji hana uhuru wote. Injini lazima ipate hewa, tairi zipate nafasi ya kukata kona, boneti isimuue mtu wa miguu akigongwa. Uzuri inabidi upenye katikati ya masharti yote hayo.

Sasa niwape kisa cha hapa hapa. Bila shaka mwaikumbuka filamu ya Furious 7 ya mwaka 2015, ile ambayo gari jekundu linaruka kutoka jengo moja hadi jingine kule Abu Dhabi. Lile gari ni Lykan HyperSport. Kampuni yake ni W Motors, iliyoanzishwa Beirut mwaka 2012 kisha ikahamia Dubai. Gari lilionyeshwa mara ya kwanza Januari 2013 kwenye maonyesho ya magari ya Qatar, bei yake dola milioni 3.4, na yalipangwa kutengenezwa saba tu. Kila mtu alizungumza almasi zilizowekwa kwenye taa za mbele. Almasi, almasi, almasi! Nani alimzungumza Anthony Jannarelly? Huyo ni Mfaransa, ndiye mbunifu aliyelichora pamoja na Ralph Debbas, Mlebanoni mwenye kampuni, ambaye mwenyewe alisomea ubunifu wa magari Coventry, Uingereza.

Na hapa ndipo penye siri. Injini ya Lykan imetoka kwa RUF wa Ujerumani. Bodi iliundwa kwa msaada wa mafundi wa Italia. Kampuni haikuwa na historia yoyote ya magari, haikuwa na babu wala nyanya kwenye biashara hii. Ilichokuwa nacho mwanzo ni umbo. Hata kwenye ile filamu, magari ya kuruka na kugonga yalivishwa bodi za fibaglasi za bei nafuu, na watazamaji hawakujua tofauti. Walichokuwa wakikitazama ni mchoro wa mtu! Jannarelly baadaye alianzisha kampuni yake huku huku, ikatoa gari dogo la kimbio liitwalo Jannarelly Design-1, jina lake mwenyewe limeandikwa juu yake. Ni wachache sana katika kazi hii wanaopata bahati hiyo.

Wengi hubaki bila kujulikana. Bugatti Veyron, ile ambayo polisi wa Dubai walivuma nayo kwenye picha dunia nzima, umbo lake la nje lilichorwa na Jozef Kabaň. Amezaliwa Slovakia, enzi hiyo ikiwa sehemu ya Chekoslovakia ya kikomunisti, nchi ya Škoda za bei ya chini. BMW X5 ya kwanza ya mwaka 1999, ambayo vijana wa Nyali wanaipenda mpaka leo, imechorwa na Frank Stephenson, aliyezaliwa Casablanca, Moroko. Afrika hiyo, ndugu zangu! Yeye huyo huyo alichora Mini mpya na Ferrari F430.

Mtasema, hayo ni ya wazungu, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Tazameni basi linalotoka Mombasa kwenda Nairobi. Mara nyingi chasisi na injini vimeagizwa nje, lakini bodi imeundwa Kenya, na mafundi wetu. Mapishi ni yale yale ya Lykan: injini ya mtu mwingine, umbo lako. Matatu za Nairobi watu wanazipigania kwa sababu ya sura yake, abiria anaacha moja apande nyingine. Na kabla ya hayo yote, fundi wa jahazi kule Matondoni, Lamu, alikuwa akipinda mbao kwa jicho tu, jahazi likatoka zuri na likakata maji. Pwani yetu haijawahi kukosa watu wa maumbo. Tunachokosa ni kuwahesabu.

Sasa nifike ninapotaka. Kijana wa dada pale Kisauni amemaliza Fomu Foo, na madaftari yake yamejaa michoro ya magari na mabasi. Nimeona picha zake, na nasema kwa macho ya mtu anayeshika bodi kila siku: kijana anajua. Mistari yake inafika inakokwenda. Nasikia wazee mumekata shauri aache "kuchorachora" aingie kozi ya kliaringi bandarini.

Kwa heshima zenu wazee wangu, mimi sikubaliani. Sisemi atachora Bugatti. Kazi hizo ni chache mno duniani, na anayemwambia mtoto vingine anamdanganya. Najua pia kliaringi ina mshahara wa mwisho wa mwezi na nyumba ina mahitaji. Lakini bandarini atakuwa mmoja kati ya maelfu wanaosubiri mizigo ile ile. Kwa mchoro, anacho kitu ambacho hakinunuliwi.

Naomba hivi: mumpe mwaka mmoja. Aingie karakana ya kuunda bodi za mabasi kama mwanafunzi wa kazi, ajue bati linapindwa vipi na kwa nini, na jioni asome uchoraji wa kiufundi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya ubunifu, alama zake zikiruhusu ataomba. Ada ya huo mwaka nitatoa mimi, na mchango wangu wa kawaida wa nyumbani hautapungua. Mwaka ukiisha bila dalili yoyote, bandari haijahama.

Niandikieni mnaonaje, hasa wewe dada. Na hayo madaftari, tafadhali msiyatupe.

Wasalaam, wenu wa Al Quoz.