Feza mbele, munganga nyuma: nani atalipa juu ya vichwa vyetu?

Bandugu na bakamarade wa Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, na nyinyi wa mbali mwenye kutusoma ku simu,

Vijana wengi wanatuuliza juu ya ile tiba ya ketamini wanayoiona ku intaneti: munganga anakuona kwa video, dawa inakufikia nyumbani, huzuni inaisha. Wanataka kujua inalipwa namna gani. Airtel Money? M-Pesa? Yaya mwenye kuwa Ulaya? Malipo njo swali la kweli. Lakini tulijibu polepole, juu kuna watu wanauza deni wakiwa wamevaa bluzi nyeupe.

Ketamini si kitu kigeni hapa. Iko mu chumba cha operesheni cha hospitali zetu, wanakulaza nayo wakikupasua. OMS iliiweka kwenye orodha ya dawa za lazima tangu 1985, na bei yake ni ndogo. Marekani waliona kwamba inaweza kuinua haraka mtu ambaye dawa zingine za huzuni kubwa zimemshinda, na 2019 wakaruhusu ndugu yake, esketamini ya kupuliza puani. Lakini hiyo unaitumia mu kituo cha afya, unachungwa saa mbili nzima. Juu ya ile ya kutumwa nyumbani, ofisi yao ya dawa, FDA, ilitoa onyo mwezi wa kumi 2023: presha inaweza kupanda, pumzi kupungua, na hakuna mtu pembeni. Mwezi uleule mwigizaji Matthew Perry alikufa, na uchunguzi ukaonyesha ketamini njo ilimuua, ile aliyoipata nje ya matibabu yake ya kawaida. Banganga wawili walikiri kosa mahakamani. Na huyo hakukosa feza.

Kule bima nyingi hazilipi ketamini ya huzuni. Kwa hiyo mgonjwa anaambiwa: toa kadi yako, ama lipa kidogo-kidogo kila mwezi. Mtu mwenye kushindwa hata kutoka kitandani anatiwa saini ya deni! Tuache kuita hiyo maendeleo.

Na sisi? Sisi tuko na gishe. Kausio kwanza, halafu munganga. Ukishindwa kumaliza fakiture, hautoki. Mwaka 2018 waandishi wa Associated Press walitembelea hospitali na vituo zaidi ya 20 hapa Lubumbashi: paka kimoja njo hakikuwa na desturi ya kuzuia wagonjwa wasiolipa. Mgonjwa wa malaria anazuiwa siku kadhaa, ndugu wanatafuta, anatoka. Lakini mgonjwa wa kichwa, mwenye kuhitaji dawa miezi na miezi, gishe inamfukuza hata kabla hajafika. Familia inahesabu kodi ya nyumba, minerval ya watoto, mfuko wa unga, na inamaliza hesabu bila yeye. Njo vile anaishia mu chumba cha maombi, wengine wakiwa wamefungwa kamba. Hatucheki hao wazazi. Mchungaji haombi kausio. (Anaomba vingine, lakini baadaye.)

Wengine wanasema likelemba itatusaidia. Likelemba ni nzuri kwa kitu chenye tarehe: kufungua meza sokoni, mwana kuingia shule. Huzuni haijui zamu yako ni mwezi gani. Tena kuna haya. Andika mu kikundi cha WhatsApp cha familia « tuchangie operesheni ya mama », watu wanatuma siku hiyohiyo. Andika « tuchangie dada, anasikia sauti usiku ». Kimya. Hata wenye kuwa Ulaya hawaoni tena meseji.

Mutueli ya afya ni wazo zuri kuliko yote hayo: unalipa ungali muzima, pamoja na wengi. Sheria ya mutueli iko tangu 2017, na walimu wako na MESP yao, inakatwa ku mshahara. Lakini wanakata mshahara gani wa kijana mwenye diplome mu sanduku? Wazee wetu walitibiwa na Gécamines, mtu na mke na watoto, bila kupita gishe. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa, wakaita hiyo « kuondoka kwa hiari ». Munganga akaondoka na kazi.

Inabaki Leta. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema haki ya afya inahakikishwa. Mwezi wa tisa 2023 wakaanzisha uzazi wa bure Kinshasa, hatupingi, tunapongeza. Ila kichwa nacho ni sehemu ya mwili. Na wasituambie feza hakuna. Kodi ya madini ya 2018 imegawa redevansi: asilimia 25 kwa mkoa, 15 kwa komini, sekta na sheferi za mahali madini yanapotoka. Kobalti peke yake inalipa redevansi ya asilimia 10. Malori yanapita hapa usiku na mchana, tunakula vumbi lake.

Fikirieni Mitwaba. Pamoja na Manono na Pweto waliiita pembetatu ya kifo. Gédéon alijisalimisha palepale 2006, akahukumiwa 2009, akatoroka Kasapa 2011, na vijiji vikaungua tena. Leta ilihesabu bunduki. Wale wenye kuota moto mpaka leo wanapaswa kusafiri zaidi ya kilomita 400 kufika Lubumbashi, kwenye kituo cha Dr Joseph Guislain, na hicho kilianzishwa na Frères de la Charité.

Simu inaweza kusaidia hapo, kweli: muuguzi wa Mitwaba pembeni ya mgonjwa, mtaalamu wa Lubumbashi ku video, dawa ya kawaida mu kabati, fakiture kwa mkoa. Siku ketamini itafika kwa kazi hiyo, ipite mlango huohuo, na munganga awe mu chumba.

Kwa hiyo kila kikundi cha komini kiandike barua kwa bourgmestre wake: redevansi ngapi imeingia mwaka huu, na ngapi imeenda ku afya ya akili? Sisi tunaandikia gavana na wabunge wa mkoa swali lilelile. Barua iwe na akize ya kupokea. Pigeni picha ya akize, tutaibandika hapa, na jibu pia, kama litakuja.