Wakristo wenzangu, mizani yetu iwe moja

Wadau, wiki iliyopita kulizuka ubishi kwenye daladala. Mama mmoja wa siti ya mbele alikuwa analalamika kwamba shuleni kwa mwanae, kikifika kipindi cha dini, watoto wa Kiislamu wanapata ustadhi kila wiki, ila wa Kikristo wanabaki kupiga kelele tu maana katekista haonekani. Kabla hajamaliza, kijana mmoja aliyesimama mlangoni akamkata: "Dini iondolewe shuleni kabisa, kwani serikali ina dini?" Konda akaongeza sauti ya redio na ubishi ukaishia hapo. Kwangu mimi haukuisha.

Niseme mapema nilipokaa. Mimi ni Mkristo, nimelelewa Sunday school, na nikiwa sekondari nilikuwa katibu wa UKWATA. Siyo mwanasheria wala mchungaji, elimu yangu ni kidato cha nne. Nikikosea mnisahihishe, ila msinitukane.

Tuanze na yule kijana wa mlangoni. Ni kweli serikali haina dini. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, na inasema kuendesha jumuiya za dini ni jambo lililo nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini haisemi kwamba dini ijifiche. Wimbo wa Taifa wenyewe ni maombi, unaanza kwa kumtaja Mungu. Bunge linafunguliwa kwa dua. Kiongozi akiapishwa anashika Biblia au Kurani mbele ya kamera, na hakuna anayeshtuka. Sisi siyo Ufaransa, ambako tangu 2004 sheria inamzuia mwanafunzi wa shule ya umma kuvaa alama ya dini inayoonekana wazi. Huku binti anaingia darasani na hijabu yake, jirani yake ana rozari shingoni, na somo la hesabu linaendelea.

Hata shuleni dini haikuingia kwa mlango wa nyuma. Pugu ilikuwa ya Wakatoliki, Minaki ya Waanglikana, Ilboru ya Walutheri, na Tambaza ilikuwa ya Aga Khan. Ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ikazitwaa ili mtoto wa Kitanzania asikose shule kwa sababu ya dini yake. Kumbukeni aliyefanya hivyo ni Nyerere, Mkatoliki aliyewahi kufundisha hapo hapo Pugu. Kipindi cha dini kilibaki kwenye ratiba, walimu wakiletwa na dini zenyewe, na mpaka leo Baraza la Mitihani linatahini Bible Knowledge na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kwahiyo mama yule amlaumu paroko wake, siyo ustadhi. Ustadhi kafika kazini, tatizo ni sisi hatukufika.

Sasa niwasimulie yangu, maana ndiyo yaliyonifanya nikae kuandika. Shuleni kwetu, shule ya serikali, kulikuwa na mwalimu aliyependa kutoa jaribio la hesabu Ijumaa saa saba mchana. Vijana watatu wa Kiislamu wakaenda swala, waliporudi wakakuta wamepewa sifuri. Mwalimu akasema wachague, hesabu au msikiti. Darasa likacheka. Mimi katibu wa UKWATA nilicheka pia.

Muhula uliofuata ratiba ilibana, jaribio likahamia Jumamosi asubuhi. Kijana mmoja Msabato wa bweni letu akagoma kufanya. Safari hii damu ilinichemka, nikaenda ofisini kumtetea, Biblia kwapani. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Na wale wa Ijumaa, ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Jaribio lilihamishiwa Alhamisi na Msabato akafanya. Zile sifuri tatu hazikufutwa, zilienda nyumbani kwenye ripoti. Mmoja wao alikuwa jirani yangu wa dawati. Hakuniambia kitu, ila hakuniazima tena daftari lake la fizikia.

Nilichojifunza ni hiki. Kama jambo la dini nalidai kwa serikali kwa ajili yangu, lazima niwe tayari jirani yangu wa dini nyingine alipate kwa masharti yale yale. Na kama sitaki yeye alipate, basi na mimi sistahili kulidai. Hilo siyo wazo geni la wanaharakati. Yesu mwenyewe alifundisha tuwatendee watu yale tunayotaka watutendee, ipo Mathayo 7:12, tumeikariri tangu utotoni. Tatizo tunaitumia kwa majirani mtaani, tukifika kwenye mambo ya nchi tunaiacha mlangoni.

Hebu tuipime kwenye mambo mawili mazito.

La kwanza ni yale makubaliano ya Februari 1992 kati ya serikali na makanisa, kupitia CCT na Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC), kuhusu huduma za afya na elimu. Waislamu wengi wanayalalamikia mpaka leo kwamba ni upendeleo. Wakristo wengi tukiyasikia tunakunja uso, eti ni wivu. Jamani, tuwe wakweli. Hospitali ya kanisa ikifanywa hospitali teule ya wilaya, inapata ruzuku ya serikali. Ile ni kodi. Muuza samaki wa Kilwa, Mwislamu swala tano, yumo humo. Ana haki ya kuuliza hela yake inafanya nini kwa maaskofu, na akiuliza siyo adui wa kanisa.

Jibu letu lipo, na ni zuri tukilitoa kwa adabu. Hospitali ile inapokea kila mtu. Mjamzito akiletwa saa nane usiku, anaulizwa uchungu umeanza lini, haulizwi kabatizwa wapi. Serikali ingejenga hospitali nyingine pembeni yake ingetumia hela nyingi zaidi. Lakini jibu hilo lina masharti yake: vitabu vya hesabu viwe wazi, ajira zisiangalie ubatizo, na BAKWATA au taasisi nyingine ikileta hospitali inayopokea watu wote, isaidiwe vile vile. Rais Mkapa, Mkatoliki, aliwapa Waislamu majengo yaliyokuwa ya TANESCO pale Morogoro, na mwaka 2005 kikaanza Chuo Kikuu cha Waislamu. Wapo Wakristo walionung'unika. Mimi naona hiyo ndiyo haki, na leo wapo Wakristo wanaosoma pale.

La pili ni Mahakama ya Kadhi. Zanzibar ipo, huku Bara ilifutwa 1963. Mwaka 2005 suala lake likaingia kwenye ilani ya CCM, na mwaka 2015 muswada uliohusu jambo hilo ukafika Bungeni. Machi mwaka huo Jukwaa la Wakristo likawaambia waumini wapige kura ya Hapana kwa Katiba Inayopendekezwa. Muswada ukakwama, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30 ikaahirishwa. Kanisani kwetu tulipiga makofi. Hoja yetu ilikuwa kwamba hela ya umma isiendeshe chombo cha dini moja.

Hoja nzuri. Ila ndugu zangu, muuza samaki wa Kilwa anaisikia hoja hiyo huku anaangalia ruzuku ya hospitali yetu. Tutamwambia nini? Mimi naona kuna tofauti ya kweli kati ya vitu viwili. Kuna huduma inayoendeshwa na dini lakini mlango uko wazi kwa wote, kama zahanati, shule au kisima. Na kuna jambo la waumini wenyewe kwa wenyewe, kama ndoa zao, mirathi yao, nidhamu yao. La kwanza linaweza kupewa hela ya umma. La pili lipewe uhuru, lisipewe hazina. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishaonyesha njia: wanandoa wanaweza kusuluhishwa kwenye baraza la jumuiya yao, la kanisa au la BAKWATA, kabla ya kufika mahakamani. Kwa mizani hiyo Kadhi awepo kwa wanaomtaka, waumini wake wamgharamie, kama sisi tunavyomgharamia mchungaji. Najua wapo Waislamu watakaoona hapa nimewabana. Nawaomba waangalie kama nimejibana na mimi.

Maana mizani hiyo hiyo inatugeuka sisi pia. Mkuu wa shule ya serikali akifanya paredi ya asubuhi kuwa ibada ya dhehebu lake, anatumia mamlaka ya umma kwa jambo la waumini wenyewe. Na mimi kama Mkristo lazima niwe wa kwanza kusema haifai, nisisubiri mzazi wa Kiislamu aandike barua. Halafu tujiulize, sala aliyoitoa mtoto kwa kuogopa fimbo ya zamu imemfikia nani? Imani yangu haikujengwa paredi. Ilijengwa na bibi yangu aliyekuwa anapiga magoti alfajiri bila kumlazimisha mtu.

Kwahiyo sitaki dini iondoke shuleni kama anavyotaka kijana wa mlangoni. Kipindi kibaki, kila kundi lipate chumba na mwalimu wake, na asiyetaka asilazimishwe. Jaribio lisiwekwe saa ya swala wala siku ya Sabato. Na hela ya umma ifuate huduma iliyo wazi kwa wote, bila kuangalia jengo lina msalaba au mwezi.

Haya ni madogo, hayahitaji katiba mpya. Mengine yanahitaji mwalimu mwenye kalenda na katibu wa UKWATA asiyecheka. Yule jirani yangu wa dawati sasa ana duka la vifaa vya simu, mwaka jana nilipita nikamwomba radhi. Alicheka, akasema kashasahau. Lakini aliitaja tarehe ya lile jaribio.

Karibuni tujadili. Hasa nyie mliokuwa wachache shuleni kwenu, iwe kwa Ijumaa, Jumamosi au Jumapili: mlitendewaje, na nani alisimama upande wenu?