Usukani Ukitetemeka
Wiki hii jirani yangu alikaribia kununua shokapu mpya, kwa kuwa usukani wa gari lake ulitetemeka kila akikanyaga breki. Tukafungua tairi la mbele: pedi ya ndani imekwisha, ya nje bado nene. Pini za kalipa zilikauka grisi, pedi ikang'ang'ania diski hadi zote mbili zikaliwa bila usawa, ndiyo sababu ya mtetemo. Diski ikaenda kuchongwa. Sisi tukasafisha pini, tukapaka grisi ya breki, tukafunga pedi mpya magurudumu yote mawili ya mbele. Ufa huzibwa ungali mwembamba. Unapofungua tairi, jeki peke yake haitoshi, weka stendi, tafadhali. Mwenye gari asiyewahi kuzitazama pedi zake anabeba roho za watu kwa kubahatisha. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu. Yakipita miaka 2, yabadilishe kabla hujateremka mlima Kitonga.