Kipimo Kikifeli, Tuanzie Chumba cha Upasuaji
DNA inapotolewa katika kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwa fomalini na nta, kisha kipimo cha ubora kikafeli, lawama humwangukia mtaalamu wa maabara. Naiona lawama hiyo kuwa dhuluma. Kipimo cha mwanga huweza kuonyesha DNA nyingi na safi, ilhali nyuzi zake zimekatikakatika. Ndiyo maana PCR ya kipande kirefu hugoma na ya kifupi hufaulu. Mara nyingi chanzo ni fomalini iliyogeuka asidi, au tishu iliyosahauliwa humo, ilhali kwa uvimbe wa matiti hupendekezwa saa 6 hadi 72 tu. Fomalini hiyo pia huharibu sitosini ikasomeka kama thaimini, na mgonjwa akahesabiwa mabadiliko asiyokuwa nayo, pengine akapewa dawa isiyomfaa.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kabla ya kununua mashine za mamilioni, hospitali zetu zinunue fomalini yenye bafa, ziandike saa kwenye kila chupa, na kila kipimo kilichofeli kirejeshewe majibu hadi kwa mpasuaji. Mgonjwa aghalabu hana kipande cha pili.