Nani Anakula Chaji ya Simu Yako?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini lililotutoa machozi sisi wenyewe.

Mwaka jana mwezi Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, tulilala simu ikiwa na chaji zaidi ya nusu. Hatukuona haja ya kuichaji. Usiku huohuo binti yetu, anayesoma shule ya bweni mkoani Iringa, alibanwa na pumu. Matroni alitupigia, akapiga tena, hatukupatikana. Alfajiri tulikuta simu imezimika. Tulipoiwasha, zikaingia taarifa za simu tulizopigiwa, zote saba. Binti alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali na kutibiwa, tunamshukuru Mungu. Lakini tulipofika alituuliza, "Mama, mbona hukupatikana?" Tulikosa la kumjibu.

Hakuna aliyeigusa simu usiku ule. Je, chaji ilikwenda wapi?

Programu nyingi hazilali pale tunapoziacha. Huendelea kufanya kazi chinichini: moja inatafuta habari mpya, nyingine inapakua video za kamati ya harusi, nyingine inauliza kila mara simu iko mahali gani. Ni kama jiko la mkaa lililoachwa likiwaka baada ya chakula kuiva. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

Nasi wa Nyanda za Juu Kusini tuna mambo mawili zaidi. Kwanza ni milima. Ukiwa bondeni kule Kilolo au Rungwe, mahali mtandao ulipo hafifu, simu hutumia nguvu nyingi zaidi kuwasiliana na mnara. Pili ni baridi. Betri za simu zetu ni za lithiamu, na baridi kali huzipunguzia uwezo wa kutoa umeme, hata simu huweza kuzimika ingali inaonyesha chaji. Ikipata joto la kawaida, hali yake hurudi. Lakini usiipashe moto karibu na jiko! Joto kali huizeesha betri upesi, tena ni hatari.

Basi tufanye nini?

1. Mtafute mlaji. Fungua Mipangilio, kisha Betri. Simu nyingi zitakuonyesha ni programu zipi zimetumia chaji, na kwa kiasi gani. Sisi tulikuta mchezo aliouweka kitinda mimba wetu ukiwa juu kabisa.

2. Usiyoihitaji, iondoe. Unayoihitaji mara mojamoja, izuie kufanya kazi chinichini. Lakini uwe mwangalifu: ukiizuia programu ya ujumbe, huenda habari za haraka zikachelewa kukufikia.

3. Katika WhatsApp, zuia picha na video kujipakua zenyewe. Utaokoa chaji, na bando pia.

4. Zima huduma ya mahali usipoihitaji. Usiku zima data. Simu za kawaida na meseji zitaingia kama kawaida.

5. Washa kiokoa betri mapema, umeme unapokatika, usingoje asilimia tano.

Baadhi yetu tumezoea kuzifuta programu zote kwa kidole kila baada ya dakika chache. Hiyo ni kazi bure. Mwaka 2016 Hiroshi Lockheimer wa Android na Craig Federighi wa Apple waliulizwa kama inasaidia betri, na wote wawili walijibu hapana. Programu ikifunguliwa upya tangu mwanzo hutumia nguvu zaidi kuliko ikiendelea pale ilipokuwa.

Hata hivyo, mama mwenye busara haweki mayai yote katika kapu moja. Sisi tumenunua kitochi, ambacho hakina programu za kukila usiku na hukaa na chaji siku kadhaa. Namba yake tumempa matroni, pamoja na ya baba na ya jirani.

Jioni ya leo, kabla hujazima taa, ichukue simu yako uangalie nani anakula. Mtoto aliye mbali hajui habari za betri. Anachojua ni kwamba amemwita mama.