Kabla ya Swala ya Mvua

Mtu wa Masalani, huku Ijara katika kaunti ya Garissa, akikuambia ana wasiwasi, usimwambie imani yake imepungua. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, ukame ambao Pembe ya Afrika haikuwa imeuona kwa miaka 40. Ijara ni nchi ya ng'ombe, na ng'ombe hana stahamala ya ngamia. Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño, Mto Tana ukafurika, na waliokuwa wakiomba mvua wakawa wanahama na watoto mgongoni. Wengine wanakumbuka pia mvua kubwa za mwisho wa 2006, zilizofuatwa na homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko ule ulianzia Garissa, na kufikia Machi 2007 watu 155 walikuwa wamefariki nchini Kenya. Aliyepitia hayo huliona wingu akafurahi na kuogopa kwa pamoja.

Wapo wahubiri wanaodai kwamba mwenye tawakali hana wasiwasi. Qurani haiwaungi mkono. Nabii Yaakub alihuzunika hadi macho yakawa meupe. Mama yake Nabii Musa aliahidiwa na Mola kwamba mwanawe atarudishwa, na bado nusura moyo umshinde. Alimtia mtoto mtoni, kisha akamtuma dada wa mtoto huyo amfuatilie kwa mbali. Ahadi alikuwa nayo, na binti akamtuma vilevile.

Ninaloamini ni kwamba dua humpunguzia mtu wasiwasi kwa njia tusiyoizungumzia sana: humrudisha kwa watu. Tazama jinsi madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu kuanzia Garissa hadi Lamu, yalivyoipanga swala ya kuomba mvua. Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba kabla ya siku yenyewe kiongozi awaamrishe watu kufunga siku tatu, kutubu, kutenda mema na kujitoa katika dhuluma. Siku ya nne ndipo watoke uwanjani wakiwa wamefunga, kwa nguo za kazi na unyenyekevu, pamoja na watoto, wazee na hata wanyama. Huswaliwa rakaa mbili kama za Idi. Katika hotuba istighfari hushika nafasi ya takbiri, na imamu hugeuza shuka lake.

Kujitoa katika dhuluma: hapo ndipo penye uzito, na hapo ndipo tunapopita haraka. Ukame ukikaza, bei ya mtungi wa maji hupanda na daftari la madeni dukani huzidi kunenepa. Wenye mifugo hugombania kisima. Wasiwasi unaomkesha mama usiku mara nyingi si wa mawingu. Ni wa unga aliokopa, wa karo, wa aibu ya kupita mbele ya duka lile lile kesho asubuhi. Mwenye duka akimwambia, "Mama, usijali, tungoje mvua," amemwondolea mzigo ambao mvua yenyewe isingeuondoa kwa siku moja. Hiyo ni ibada, na imewekwa itangulie swala.

Ipo hadithi mashuhuri ya bedui aliyesimama siku ya Ijumaa, Mtume (S.A.W.) akihutubia, akalalamika kwamba mifugo inakufa. Mtume akaomba, mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata mtu akasimama tena: nyumba zinabomoka. Hakukaripiwa kwa kukosa shukrani. Mtume aliomba mvua ielekezwe vilimani na mabondeni. Kila mara hofu ilisemwa kwa sauti, mbele ya jamaa yote.

Kwa hiyo nawaomba maimamu wetu wa Masalani, Kotile na Hulugho: mkiitangaza swala ya mvua, zile siku tatu zisipite kimya. Itajeni bei ya maji. Litajeni daftari la duka. Wanaogombania malisho waitwe na wazee siku hizo hizo. Na majirani zetu Wapokomo, Waislamu kwa Wakristo, wapelekewe habari mapema, maana mto ukijaa huanzia mashambani mwao.